POMBE NA INI: USINGOJE TUMBO LIJAE MAJI

Wengi wetu tuliovuka Rusizi kuja upande huu wa Kamembe tulikuja na machungu, na wengine wanayazima kwa pombe. Hatuwacheki. Lakini watu wengi wanadhani ini linaanza kuharibika siku macho yanapokuwa ya manjano na tumbo kujaa maji. Sivyo. Ubaya huanza miaka mingi kabla.

Ini hufanya nini?
Ini husafisha damu na kuvunja sumu, pombe ikiwemo. Ukinywa sana, chembe za ini hufa. Zilizobaki hujigawa ili kuziba pengo. Kwa hiyo mnywaji hujiona mzima.

Telomea ni nini?
Tazama kitenge. Pindo huzuia nyuzi zisifumuke. Ndani ya kila chembe kuna nyuzi za urithi zinazoitwa kromosomu, na ncha zake zina pindo liitwalo telomea. Chembe inapojigawa, pindo hilo linaweza kupungua kidogo. Likiwa fupi mno, chembe haijigawi tena. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kugundua jinsi telomea zinavyolinda kromosomu.

Anayekunywa kila siku analilazimisha ini lijitengeneze kila siku. Pindo linaisha mapema, na mahali pa chembe nzima panaingia kovu gumu. Ugonjwa huo ni sirosisi.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 245,000 waliopimwa telomea katika damu. Waliokunywa pombe inayozidi kama chupa kubwa 8 za bia kwa wiki walikuwa na telomea fupi kuliko waliokunywa chini ya chupa 2. Tofauti hiyo ni sawa na kuzeeka mwaka 1 hadi 2 zaidi.

Je, tumaini lipo?
Lipo. Mwanzoni ini hujaa mafuta tu, na ukiacha pombe mafuta hayo hupungua ndani ya wiki chache. Hata mwenye sirosisi akiacha, anaongeza siku zake.

Ufanye nini?
1. Usijidanganye na gilasi ndogo. Kanyanga ni kali kuliko bia, na sheria ya Rwanda inaikataza.
2. Kama unatetemeka asubuhi bila pombe, usiache ghafla peke yako; unaweza kupata degedege. Njoo kwanza kwa muuguzi.
3. Usimeze parasetamoli ovyo kutuliza kichwa cha ulevi. Inaumiza ini.
4. Omba kipimo cha homa ya ini B na C. Ikiungana na pombe, ini huharibika haraka.
5. Mtu akitapika damu, akiwa na macho ya manjano au akichanganyikiwa, mpelekeni kliniki saa hiyohiyo.

Baba, mama, kijana: ini halilii. Usingoje lilie.