Uzazi wa Mbu na Maradhi Ayaenezayo

Yafaa kila sheha na kila mwalimu ajue maisha ya mbu. Zamani watu walidhani kuwa malaria hutokana na hewa mbaya. Mwaka 1897, huko Bara Hindi, daktari Ronald Ross alikiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu, na dhana ile ikavunjika.

Mbu dume haumi. Chakula chake ni utamu wa maua. Jike ndiye aumaye, kwani mayai yake hayapevuki mpaka apate damu. Akisha kushiba hupumzika siku mbili tatu, kisha huenda kutaga majini. Mbu wa malaria hutaga yai moja moja katika maji yaliyotuama. Mbu wa matende hutaga katika maji machafu ya vyoo, mayai yake yameshikamana kama chelezo. Mbu wa kidingapopo, ambaye huuma mchana, hutaga ukingoni mwa maji ya mitungi, makopo na vifuu, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi.

Mayai huwa viluwiluwi, navyo huvua ngozi hata mwisho akatoka mbu mwenye mbawa. Kwa joto la pwani yetu, kazi hiyo yaweza kutimia kwa kadiri ya siku 10.

Mbu wa malaria hazaliwi na ugonjwa. Huupata kwa kumwuma mgonjwa. Basi mbu wachache wakizaliwa, maradhi nayo hupungua. Ushahidi tunao hapa Unguja. Mwaka 1988, huko Makunduchi, punje nyepesi za plastiki zilitandazwa juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Viluwiluwi vikakosa pumzi, na majike wakakosa pa kutaga. Watu nao wakapewa dawa. Waliokuwa na vijidudu vya matende damuni walikuwa 49 katika kila 100. Wakashuka hata 10.

Kwa hiyo mtu wa Chukwani na aanze uani kwake. Kila Ijumaa amwage maji ya vifuu na makopo, asugue mitungi kwa ndani na kuifunika, azibe shimo la choo. Na usiku alale ndani ya chandarua.

Mwalimu naye atie viluwiluwi katika chupa ya maji, afunge kitambaa mdomoni, na watoto wahesabu siku hata mbu watoke. Atakayeona kwa macho yake hatahitaji kuamrishwa kumwaga maji.