Donge la Damu Baada ya Tiba ya Vena Zilizotuna Miguuni

Tiba ya vena zilizotuna miguuni siku hizi haihitaji upasuaji mkubwa. Daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya vena iliyoharibika na kuiunguza kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, ama huingiza dawa ya povu kwa sindano. Vena hiyo hufungwa, na damu hupita katika vena nyingine zilizo nzima. Mgonjwa huruhusiwa siku hiyo hiyo, na yanayofuata humkuta nyumbani, mbali na daktari aliyemtibu.

Baada ya siku chache huweza kuhisi kitu kigumu kama kamba chini ya ngozi, chenye kuuma kikiguswa. Mara nyingi hiyo ni damu iliyoganda ndani ya vena iliyotibiwa, wala si jambo la kutisha. Hupungua taratibu kwa wiki kadhaa, mgonjwa akiendelea kutembea, kuvaa soksi za kubana kama alivyoelekezwa na kumeza dawa za maumivu alizoandikiwa.

Hatari huja donge likifika vena kubwa za ndani. Vena inayounguzwa aghalabu huungana na vena kuu ya paja karibu na kinena, na donge huweza kuchomoza hadi humo. Ndiyo sababu wengi huitwa kurudi kwa kipimo cha altrasaundi, hata kama mguu hauumi. Donge dogo huweza kufuatiliwa kwa kurudia kipimo; kubwa hutibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa miezi mitatu. Dozi haikatizwi kwa kuwa uvimbe umeshuka.

Mguu ukivimba ghafla, shavu la mguu likauma na kupata joto, usichuliwe wala kukandwa, ingawa ndugu wengi hukimbilia hilo kwa nia njema. Mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye altrasaundi, akiwa na cheti chake cha kuruhusiwa, maana humo mmeandikwa vena iliyotibiwa na tarehe. Akibanwa pumzi ghafla, kifua kikamchoma anapovuta hewa, au akikohoa damu, huenda donge limefika mapafuni. Hapo asisubiri asubuhi.