Jiko la Makaa na Miezi ya Baridi Katika Nyumba za Kupanga za Jiji

Mji wa Nairobi umejengwa mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo, ingawa ikweta haiko mbali, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Mawingu hulifunika jua siku nyingi mfululizo, na usiku wa Julai mara kwa mara hushuka hata digrii 10 au 11. Mgeni atokaye Mombasa huona hayo siku ya kwanza tu; mwenyeji amekwisha kuzoea, na kuzoea huko ndiko kunakomfanya asiangalie.

Jiko la makaa huingia chumbani kabla ya baridi yenyewe. Mvua kubwa za masika, zinazonyesha Machi hadi Mei, huwafukuza wapishi kutoka barazani na uani. Mama wa nyumba hulileta jiko ndani ili makaa yasilowe, akiacha mlango wazi. Mvua zikiisha, baridi hufika, na jiko hubaki palepale, ila sasa mlango umefungwa. Kila mwaka katika majira hayo husikika katika Kenya habari za watu waliolala salama wakakutwa asubuhi wamekufa, hali chumba hakikuungua wala hapana mtu aliyeingia.

Wengi husema ya kuwa watu hao wameuawa na moshi. Neno hilo si sahihi, nalo limeleta hasara kubwa, kwa kuwa mtu akiisha kuona makaa yake yamekuwa mekundu na hayatoi moshi, huamini ya kuwa hatari imekwisha. Kinachoua ni hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho wala haikwaruzi koo. Makaa yakipata hewa safi ya kutosha huungua vema, na kaboni iliyomo huungana na oksijeni kikamilifu. Yakikosa hewa ya kutosha, kama katika chumba kilichofungwa, huungana nayo kwa upungufu tu, na hapo ndipo hewa hiyo ya sumu hutokea kwa wingi. Kwa hiyo kadiri moto unavyofifia na chumba kinavyozidi kufungwa, ndivyo hatari inavyozidi.

Yafaa pia kujua jinsi sumu hii inavyofanya kazi mwilini. Damu huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Kaboni monoksidi hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikiingia hata kwa kiasi kidogo hukaa mahali pa oksijeni na haitoki upesi. Mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida, lakini ubongo wake unakosa hewa. Akiwa macho ataumwa kichwa, ataona kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa miguu. Akiwa amelala hataona neno, bali usingizi wake utazidi kuwa mzito. Wengine hushtuka wakataka kufungua mlango, na miguu ikakataa kuwabeba.

Dalili hizo hudhaniwa kuwa malaria, au mafua, au chakula kilichoharibika. Iko njia rahisi ya kuzitofautisha. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, bila homa, nao hupata nafuu wakitoka nje na kuumwa tena wakirudi ndani, jambo la kwanza la kutazama ni jiko. Watoto wadogo, wazee, wenye ugonjwa wa moyo na mama wajawazito huumia upesi zaidi. Na mtoto aliye tumboni huweza kudhurika hata mama yake akipona.

Mitaani ziko dawa nyingi za kujikinga ambazo hazikingi kitu. Wako wanaoweka sufuria ya maji karibu na jiko wakidhani maji yatanyonya sumu. Lakini hewa hii haiyeyuki katika maji ila kidogo mno. Wako wanaofunika makaa kwa majivu ili yakae mpaka alfajiri, na hao wanaongeza hatari, maana makaa yaliyofunikwa huungua kwa hewa chache. Wengine hulala kitanda cha juu wakiamini ya kuwa sumu hukaa chini sakafuni. Hewa hii ni nyepesi kidogo kuliko hewa ya kawaida, nayo huchanganyika chumba kizima, hivyo kitanda cha juu hakimsaidii mtu. Hata jiko lile lenye kikombe cha udongo ndani na bati nje, lililoenea katika Kenya tangu miaka ya 1980, halina kinga. Ni jiko zuri, hutumia makaa machache na huhifadhi joto. Lakini kutumia makaa machache ni jambo moja, na kutotoa sumu ni jambo jingine.

Kanuni yenyewe ni fupi. Jiko liwashwe nje. Likiwa ndani kwa kupikia, mlango na dirisha viwe wazi. Kabla ya mtu wa kwanza kulala, jiko litolewe nje kabisa, wala si kuachwa katika ukumbi unaotumiwa na vyumba kadhaa, kwa kuwa hapo sumu itaingia kwa jirani. Joto la usiku litafutwe katika blanketi la pili, soksi, uji wa moto kabla ya kulala, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Ni kweli blanketi lina bei, na mfuko mdogo wa makaa ni rahisi kununua kwa siku moja. Lakini makaa hununuliwa kila siku, na blanketi likinunuliwa mwezi Mei litatumika Julai hii na nyingine zijazo.

Akikutwa mtu amezimia chumbani, anayemwona afungue mlango na madirisha kwanza, amtoe upesi nje penye hewa safi, wala asikae ndani kumpepea, asije akaanguka naye. Asimnyweshe maziwa. Watu wengi huamini maziwa huondoa kila sumu. Sumu hii iko katika damu wala si tumboni, na aliyezimia akinyweshwa chochote huweza kupaliwa na kufa kwa sababu hiyo. Kama hapumui, ajuaye kumpulizia pumzi mdomoni na kumbonyeza kifua afanye hivyo mara moja. Msaada huitwa kwa simu namba 999 au 112. Hospitalini aelezwe daktari waziwazi ya kuwa palikuwa na jiko chumbani, ili mgonjwa apewe oksijeni. Katika hewa ya kawaida damu huhitaji saa 4 au 5 hivi kupunguza sumu hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni safi kazi hiyo huweza kumalizika kwa muda wa saa moja na kitu.

Lawama zote zisiwekwe juu ya wapangaji. Mitaa mingi ya jiji, kama Kaloleni, Ziwani, Bahati na Mbotela, ilijengwa kabla ya Uhuru wa 1963, na tangu 2013 Serikali ya Kaunti ndiyo iliyochukua mahali pa Baraza la Jiji la zamani. Wajenzi wa nyumba za namna hiyo waliacha matundu ya hewa juu ya kuta, karibu na dari, kwa makusudi. Siku hizi mengi yamezibwa kwa matambara au magazeti ili baridi isipite, na kioo cha dirisha kikivunjika hupigiliwa ubao mahali pake. Chumba kilichojengwa kipumue kimezibwa pumzi. Mpangaji azibue matundu. Lakini kioo kilichovunjika na dirisha lililokwama ni matengenezo ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapa ni Kaunti. Maombi hayo yafaa yapelekwe kwa maandishi katika ofisi ya nyumba mwezi Aprili au Mei, na nakala iwekwe. Kamati ya mtaa ikiandika barua moja kwa vyumba 20 husikilizwa upesi kuliko barua 20 za mtu mmoja mmoja.

Kamati hizo hizo ndizo zinazojua ni mzee gani anakaa peke yake. Mzee wa namna hiyo ndiye hulala na jiko, kwa kuwa hana mtu wa kulitoa na mikono yake haiwezi tena kulibeba. Kijana wa jirani akipita kila jioni saa tatu kulitoa nje, na kupita asubuhi kugonga mlango, kazi hiyo haimchukui dakika 5.

Iko pia misaada ya Serikali, na yote huhitaji mtu awe ameandikishwa kabla ya siku ya shida. Mpango wa sasa ulianza tarehe 1 Oktoba 2024, ambapo Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa mfuko wa zamani wa NHIF. Kujiandikisha hufanywa kwa simu kwa *147#, kwa kutumia kitambulisho, na watu wanaomtegemea mwandikishwaji waandikwe pamoja naye. Aliyeandikishwa hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya kwa gharama ya Serikali. Matibabu ya hospitali kubwa huhitaji mchango uwe umelipwa. Wazee waliotimiza miaka 70 wamewekewa mpango wa Inua Jamii, wenye shilingi 2,000 kwa mwezi. Uandikishaji wake hufanywa kwa vipindi, kupitia ofisi ya chifu na naibu wake. Mzee ambaye kitambulisho chake kimepotea, au kina mwaka wa kuzaliwa usio sawa, aanze kukishughulikia sasa, kwa kuwa marekebisho huchukua muda, na uandikishaji ukifunguliwa haumngojei mtu.