Kuizunguka Kilwa Kisiwani kwa Miguu: Somo la Kuutafuta Ukweli Wote

Na Frateri wa Falsafa, mzaliwa wa Tunduma



Wengi wetu wa Mkoa wa Songwe tumewahi kufika Ndolezi, Mbozi, kukiona Kimondo. Anayefika pale hatosheki kusimama mahali pamoja, anakizunguka. Wanasayansi walikitambua mwaka 1930, na baadaye udongo ukachimbwa pembeni yake ili umbo lake lote lionekane. Kabla ya hapo sehemu yake ya chini ilikuwa imefukiwa, na mtu angeweza kudhani amekiona chote kumbe ameona mgongo tu.

Mwanafalsafa Edmund Husserl (1859–1938) alilifanyia kazi kubwa jambo hili dogo. Alifundisha kwamba kitu chochote tunachokitazama kinatuonesha upande mmoja kwa wakati mmoja. Ukisimama mbele ya nyumba, ukuta wa nyuma huuoni. Akili yako inaujazia kwa kuudhania. Ili uujue kweli, huna budi kuzunguka. Mmoja wa wanafunzi wake, aliyekuwa pia msaidizi wake, ni Edith Stein, ambaye baadaye alikuwa mtawa Mkarmeli, akauawa Auschwitz mwaka 1942, na akatangazwa mtakatifu mwaka 1998 kwa jina la Teresa Benedikta wa Msalaba. Kwake, kuutafuta ukweli kulikuwa njia ya kumwelekea Mungu.

Maandiko Matakatifu nayo yanajua faida ya kuzunguka. Zaburi ya 48, karibu na mwisho wake, inawaalika watu wauzunguke mji wa Sayuni, wahesabu minara yake na kuzitazama kuta zake, wapate kuwasimulia watoto wao. Tazama mpangilio: kuzunguka kwanza, kuhesabu kunafuata, kusimulia mwishoni. Katika somo hili tutaufuata mpangilio huo kwenye kisiwa kimoja cha nchi yetu.

1. Kisiwa na njia yake

Kilwa Kisiwani ipo mkoani Lindi, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Mgeni hupata kibali Kilwa Masoko, kisha huvuka mkono mfupi wa bahari kwa mashua au boti. Njia ya miguu inaanzia ufukweni karibu na ngome iitwayo Gereza, inapita kwenye Msikiti Mkuu, msikiti mdogo wa kuba na kuta za Makutani, inaelekea mashariki hadi Husuni Kubwa juu ya mwamba, kisha inarudi kwa njia ya pwani hadi Gereza palepale. Nusu siku inatosha. Kuna mibuyu, mikoko na nyumba za wenyeji, na bahari haiko mbali muda wote. Chukua maji ya kunywa, kofia na viatu imara, vaa nguo za heshima, na muulize mwongozaji saa za maji kujaa na kupwa, kwa sababu ndiyo yanayoamua wapi utapita pwani na wapi utapanda juu.

Niliizunguka njia hii wakati wa likizo pamoja na mafrateri wenzangu wawili. Aliyetuongoza ni mzee wa kisiwani, Mwislamu.

2. Upande unaofurahisha

Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukapanuliwa sana karne ya 14. Ukisimama katikati ya nguzo na matao yake unaelewa kwamba waliojenga walikuwa watu wa imani na wa hesabu. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina birika la pembe nane lililojengwa kutazama bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo, akausifu uzuri wa mji, uchaji wa watu wake na ukarimu wa mtawala wao.

Utajiri huu ulitokana na biashara, hasa dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala. Sarafu yenye jina la sultani huyu imepatikana hata kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Sisi wa Tunduma hatuhitaji kufafanuliwa sana: mji unaoishi kwa mizigo inayopita tunaujua.

Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yakila ufukwe na kuta zikianguka. Baada ya kazi ya ukarabati na ulinzi wa pwani, yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014.

3. Upande unaouma

Tulipofika Gereza, mzee alituuliza kwa upole, “Wanangu, mnawajua wenzenu waliotangulia kufika hapa?” Tulijua alikuwa anasema nini, lakini kila mmoja alimsubiri mwenzake ajibu.

Julai 1505 meli za Ureno zilizoongozwa na Francisco de Almeida zilifika Kilwa. Askari waliuteka mji na kupora mali. Mapadre Wafransisko waliosafiri nao walishuka na msalaba, na wimbo wa kumshukuru Mungu ukaimbwa. Msalaba ule na uporaji ule vilikuwa katika mji mmoja, siku moja. Wareno wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Sehemu kubwa ya ngome tunayoiona leo ilijengwa upya na Waomani katika karne ya 19, lakini mahali ni palepale.

Wala maumivu ya kisiwa hayakuishia hapo. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Muuzaji alikuwa Mwislamu, mnunuzi alitoka nchi ya Wakristo, na waliouzwa walikuwa watu wa bara, babu zetu.

Hapa ndipo njia ya mzunguko inapofundisha kuliko njia iliyonyooka. Mwenye haraka angeweza kwenda Husuni Kubwa, akapiga picha ya bahari na kuondoka. Anayezunguka hachagui, Gereza lipo mwanzoni na lipo mwishoni.

4. Kusimulia kwa haki

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ukweli upo pale akili inapolingana na kitu kama kilivyo. Basi anayesimulia sifa za watu wake peke yake hajafika kwenye ukweli, na anayesimulia dhambi za wenzake peke yake hajafika pia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la 28 Oktoba 1965, uliwatazama Waislamu kwa heshima na kuzihimiza pande zote mbili ziyaache magomvi ya kale na kujitahidi kuelewana. Wengine husema, “Basi tusiyataje kabisa.” Sidhani. Tarehe 12 Machi 2000 Mtakatifu Yohane Paulo II aliadhimisha Siku ya Msamaha, akaomba msamaha hadharani kwa dhambi za wana wa Kanisa, zikiwamo zile zilizotendwa kwa jina la kuutetea ukweli. Huwezi kuombea msamaha jambo usilotaka kulitazama.

Mzee alipoona tumenyamaza, alitusimulia mwenyewe habari za 1505, kisha bila kuulizwa akasimulia na habari za watumwa. Hakuficha upande wake. Ndipo nasi tukapata ujasiri wa kuzungumza, na mazungumzo hayo yalitufikisha hadi Husuni Kubwa.

5. Zoezi la nyumbani

Si kila mtu ataweza kufika Kilwa. Lakini Tunduma wengi wetu tunaijua kwa barabara moja, ile ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Jumamosi moja, wanajumuiya wauzunguke mtaa wao kwa miguu. Muanzie kanisani, mpite sokoni, shuleni, kwenye zahanati, msikitini na makaburini, na mpite pia mahali mlipozoea kupakwepa. Wasalimieni watu na kuwasikiliza. Mrudi kanisani palepale, kisha kila mmoja asimulie alichokiona.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni upande gani wa historia ya parokia au familia yetu tunaupita haraka, na kwa nini?

2. Jirani wa dini nyingine akituuliza kama mzee wa Kilwa alivyotuuliza, nani kati yetu ataanza kujibu, na atasema nini?

3. Someni Zaburi 48. Watoto wetu tunawasimulia nini kuhusu mji huu, na tunawaficha nini?