Nyumba Bora Haianzi na Bati

Leo tunazungumza juu ya nyumba. Kila mmoja wetu analala ndani ya nyumba. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kukaa chini tukajiuliza: Je, nyumba hii inanilinda, au inaniumiza?

Soma kwanza habari ya familia hii. Ni mfano tu. Lakini usishangae ukiona inafanana na familia ya jirani yako, au na yako mwenyewe.

Ukuta ulioanguka

Ilikuwa mwezi wa Aprili, wakati wa masika. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu baba na mama walisikia kishindo kikubwa. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umeanguka. Kwa bahati, watoto wote wawili walikuwa wamekwenda kulala kwa bibi yao, maana paa la chumba chao lilivuja. Asubuhi majirani walikuja kutoa pole. Waliona udongo umejaa juu ya kitanda. Hakuna aliyesema neno.

Mwezi wa Julai baba aliuza pamba. Jioni alihesabu fedha zake, akasema:

"Mama watoto, mwaka huu tunaezeka bati. Na sisi tuonekane watu."

Mkewe alinyamaza kidogo, kisha akajibu:

"Bati ni zuri, baba watoto. Lakini ule ukuta uliangushwa na maji ya juu, au maji ya chini?"

"Maji ya chini. Udongo ulilowa pale chini, ukakatika."

"Basi bati litazuiaje maji ya chini? Tukiezeka bati jipya juu ya kuta zile zile, siku zikianguka zitaanguka pamoja na bati."

Baba akaanza kukasirika. "Sasa unataka watu waseme nimeuza pamba nikanunua msingi? Msingi nani anauona?"

"Waseme tu. Mimi naogopa kile kitanda. Maneno ya watu siyaogopi."

Usiku ule baba hakupata usingizi. Alfajiri alikwenda kwa fundi wa kijiji kuuliza. Fundi alimwambia hivi: "Mzee, mkeo amesema kweli. Mvua inakula nyumba ya udongo kuanzia miguuni. Mawe yako kilimani, hayauzwi. Lete watu tuyabebe."

Ndugu msomaji, hapo ndipo somo letu linapoanza. Watu wengi vijijini wanaanza na kile kinachoonekana barabarani. Nyumba bora inaanza na kile kinacholinda uhai wa mtu. Na vitu vingi vinavyolinda uhai havina bei kubwa. Tuvitazame kimoja kimoja.

1. Msingi na maji ya mvua

Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji. Chimba mpaka ufikie udongo mgumu. Jenga msingi wa mawe, na uuinue juu ya ardhi kiasi cha sentimita 30 au zaidi. Hapo matone yakiruka kutoka chini yatapiga mawe, hayatapiga udongo.

Paa nalo litokeze nje ya ukuta kiasi cha sentimita 60, ili maji yadondoke mbali. Chimba mfereji kuzunguka nyumba upeleke maji bondeni. Mfereji unataka jembe na jasho tu.

Ukiezeka bati, lifunge paa vizuri na kuta kwa waya imara. Bati ni jepesi. Upepo ukiingia chini yake unaweza kulibeba, na bati linaloruka linakata kama panga.

2. Ukuta na sakafu

Tofali la udongo si kitu duni. Likitengenezwa vizuri na kukingwa na maji, linadumu miaka mingi. Jaribu udongo wako kwanza. Finyanga donge kubwa kama ngumi, ulianike kivulini. Likikauka likapasuka nyufa nyingi, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Likimomonyoka ukilibana kwa vidole, mchanga umezidi, tafuta udongo wenye mfinyanzi.

Fyatua matofali wakati wa kiangazi. Yakaushe polepole, yafunikwe nyasi, uyageuze mara kwa mara. Jua kali la siku ya kwanza hupasua tofali.

Kisha ziba nyufa zote. Kwa nini? Kwa sababu ya papasi. Mdudu huyu anakaa katika nyufa za ukuta na sakafu ya udongo. Mchana amejificha. Usiku anatoka kunyonya damu, kisha anarudi shimoni kwake. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, akikungoja wewe. Papasi huleta homa inayopanda, inashuka, kisha baada ya siku chache inarudi tena. Homa hii ni ya hatari hasa kwa mama mjamzito na mtoto mchanga. Mtu akiwa na homa apelekwe zahanati akapimwe, asikisie ugonjwa mwenyewe.

Piga lipu ukuta ndani, hata kama ni lipu ya udongo na mchanga. Sawazisha sakafu, uishindilie, na kila ufa ukitokea uuzibe. Ukipata saruji kidogo, ianze kutumika sakafuni.

3. Dirisha

Nyumba zetu nyingi zina tundu dogo tu la dirisha. Ukiuliza sababu, unaambiwa: "Wezi." Wengine watasema: "Baridi." Lakini chumba chenye giza na hewa nzito ni rafiki wa kifua kikuu. Mgonjwa akikohoa, vijidudu vinabaki hewani na kumngoja mwingine avute. Hewa ikipita, vinatoka nje. Mwanga wa jua nao unaviua.

Kipimo rahisi ni hiki: eneo la madirisha liwe angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Tufanye hesabu pamoja.

Chumba kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 3.
Eneo la sakafu: 3 × 3 = mita 9 za mraba.
Sehemu ya kumi: 9 ÷ 10 = 0.9.
Dirisha moja la mita 0.75 kwa mita 0.60: 0.75 × 0.60 = 0.45.
Madirisha mawili: 0.45 + 0.45 = 0.9.

Kumbe madirisha mawili ya wastani yanatosha! Yaweke katika kuta mbili zinazotazamana, hewa iingie huku na itokee kule. Mwizi je? Weka vyuma au miti imara ya kukinga, na mbao za kufunga usiku.

4. Moshi wa jiko

Moshi ukikuchoma macho, kifuani unafanya nini? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 uchafu wa hewa ndani ya nyumba, hasa moshi wa jikoni, uliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wanaovuta moshi mwingi ni mama anayepika na mtoto aliye mgongoni kwake.

Jenga jiko mbali na chumba cha kulala. Acha uwazi mkubwa juu ya moto, au weka bomba la kutolea moshi. Tumia kuni zilizokauka sawasawa, maana kuni mbichi ni moshi mtupu. Mtoto mchanga akae na mtu mwingine wakati mama anapika. Akina baba, hapo na sisi tuna kazi. Tena jiko likiwa mbali, nyumba ya nyasi inapona na moto.

5. Mbu

Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Wengi huingia kwa ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Tunafunga mlango kwa komeo, kumbe mbu anapita juu.

Ziba uwazi ule. Weka wavu madirishani. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Gambia. Nyumba nyingine ziliwekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa uwazi wa paa. Nyingine ziliwekewa dari ya wavu. Nyingine ziliachwa kama zilivyo. Katika nyumba zilizokingwa, mbu walipungua kwa karibu nusu au zaidi, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba zilizoachwa.

Lakini chandarua chenye dawa usikiache. Nyumba iliyozibwa na chandarua ni ndugu wawili, wanasaidiana.

6. Nje ya nyumba

Nyumba haiishii ukutani. Chimba choo, na kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Kiwe na kifuniko, na maji ya kunawa yawe karibu. Mbuzi na kuku wapewe banda lao. Tunawapenda, lakini tusilale nao chumba kimoja.

Fedha zitatoka wapi?

Hapa ndipo wengi tunakata tamaa. Tunasema: "Nikipata fedha nyingi nitajenga." Fedha nyingi hazifiki, na watoto wanakua katika nyumba ya hatari.

Jenga kwa hatua. Tuseme nyumba yako inahitaji mabati 30. Ukinunua 10 kila mavuno, basi 30 ÷ 10 = 3. Ni misimu mitatu. Wakati unangoja, nyasi nene zilizoezekwa kwa mwinuko mkali zinakinga mvua vizuri. Lakini msingi, mfereji, dirisha na lipu ya udongo usivingojeshe. Vifanye mwaka huu.

Tena usijenge peke yako. Wazee wetu walijenga kwa kusaidiana. Leo nyumba kumi zinaweza kuunda kikundi. Wiki hii mnabeba mawe ya huyu, wiki ijayo ya yule. Wajane na wazee wasio na nguvu waanze kwanza, maana kuta zao haziwezi kungoja.

Tumewahi kufanya mambo makubwa kwa namna hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu. Hawakuishia kusoma. Walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Kusoma kwao kulionekana uani.

Ile familia ilifanyaje?

Baba alirudi kutoka kwa fundi akamwambia mkewe: "Haya, tutanunua msingi." Wote wawili wakacheka. Majirani walibeba mawe kwa siku nne. Ukuta ulijengwa upya. Chumba cha watoto kikapata madirisha mawili. Fedha zilizobaki zilinunua mabati kumi, yakahifadhiwa ndani. Mwaka ule waliezeka nyasi mpya, na paa likatokezwa nje vizuri.

Ndiyo, wapo waliocheka. Wakasema: "Ameuza pamba yote, bado yumo ndani ya nyasi!"

Aprili ikafika tena. Mvua ikanyesha usiku kucha. Baba aliamka, akawasha tochi, akaingia chumba cha watoto. Akapapasa ukuta kuanzia juu mpaka chini. Ulikuwa mkavu. Watoto walikuwa wamelala fofofo ndani ya chandarua. Akarudi kitandani.

"Vipi?" mkewe akauliza.

"Lala, mama watoto. Wanalala."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama alikataa kuanza na bati? Wewe ungesema nini?
2. Papasi anakaa wapi? Tufanye nini ili tumfukuze?
3. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Kinahitaji madirisha yenye eneo gani?
4. Katika kijiji chako, ni vifaa gani vya ujenzi vinavyopatikana bila kununua?
5. Ni nyumba ya nani katika kitongoji chenu ambayo haiwezi kungoja masika mengine? Kikundi chenu kitafanya nini, na lini?

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni zunguka nyumba yako. Tazama chini ya ukuta, tazama nyufa, tazama uwazi wa paa. Andika katika daftari lako mambo matatu ya kutengeneza. Mbele ya kila jambo andika mwezi utakaolifanya. Kisha msomee mwenzako nyumbani, mkubaliane.