Chemsha Kwanza, Mpendwa

Somo: 1 Wakorintho 8:9-13

Juzi nilimtembelea mama wa kanisa anayetibiwa saratani. Nilimbebea maziwa ya ngamia, mabichi, vile sisi wa Isiolo tunayapenda. Binti yake akaniambia polepole, "Pasta, daktari amekataza." Niliona aibu.

Maziwa mabichi huweza kubeba brusela, inayoleta homa na maumivu ya viungo. Mwenye kinga dhaifu huumia zaidi.

Paulo alikuwa tayari kuacha nyama kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu wa dhamiri. Mimi, kwa mama aliye dhaifu wa mwili, nilishindwa hata kuwasha jiko.

Ukienda kuona mgonjwa wiki hii: maziwa yachemke, nyama iive hadi ndani, matunda yaoshwe kwa maji safi. Halafu muombe pamoja.