Nyuma Nako Kupumue! Vidokezo 10 vya Kuweka Vioo Vinavyofunguka kwenye Gari la Zamani

Land Cruiser yako imekula chumvi nyingi, injini bado inanguruma kwa heshima, na mlima wa kuishinda haujaonekana. Tatizo liko nyuma. Waliopangiwa siti ya tatu wanashuka Chalinze shati limegandana na mgongo, na harufu ya tenga la dagaa la wiki iliyopita bado imo kwenye kapeti. Kioo cha pembeni kule nyuma hakifunguki, kimefungwa hivyo tangu kiwandani. Eisi ya mbele? Ikifika huko imeshakata tamaa. Sasa usikimbilie kuuza gari. Kioo kinachofunguka kinaweza kuwekwa, na mara nyingi bila kukata bati hata kidogo. Twende!

1. Anza na kibao, grinda ingoje

Fungua boneti usome kibao cha chesisi. Zile herufi na namba, HJ60, HZJ80 na ndugu zao, ndizo zitakazokuambia kioo gani kitaingia. Land Cruiser za mfululizo wa 60, zile za miaka ya 1980, na za 80 zilizotamba miaka ya 1990, hazikutoka zote na vioo vya aina moja. Nyingine zilikuja na kioo kizima kisichofunguka, nyingine na cha kutelezesha, kutegemea zilikuwa zinapelekwa soko gani. Unaona raha yake? Huenda kioo unachokiota kilishatengenezwa na kiwanda chenyewe kwa bodi kama yako, na kazi yako ni kukitafuta tu. Ukiwa na Prado au Patrol, fanya utafiti huohuo kabla ya jambo lolote. Mtu akikujia na grinda kabla hajasoma kibao, mnywesheni chai, mshukuruni, aende salama.

2. Kuteleza au kubetuka?

Cha kutelezesha kinafungua karibu nusu ya dirisha, hewa inaingia ya kutosha, na hata muuza korosho anaweza kukuhudumia. Cha kubetuka kina bawaba upande wa mbele na lachi upande wa nyuma. Ukikisukuma kinatoka nje sentimita chache tu. Usikidharau kwa udogo huo, maana gari likienda, ule upenyo unafyonza joto la ndani na kulitupa nje, manyunyu hayaingii ovyo, na mkono wa mtu haupiti. Mwenye watoto wadogo ningemshauri achukue cha kubetuka. Anayelala garini akiwa porini, achukue cha kutelezesha, tena akipatie wavu wa mbu. Wapiga kambi wa Australia na Afrika Kusini wana aina ya tatu, dirisha zima linalofunguka kwenda juu, ambalo hupendwa sana kwenye Land Cruiser 78. Zuri la kupikia chai kandokando ya gari, ila kwa siti ya watoto ni mbwembwe.

3. Nunua na ndugu zake wote

Kioo peke yake ni nusu ya safari. Dai seti nzima: kioo, fremu, raba, lachi na skrubu zake, vyote kutoka gari moja. Dar es Salaam anzia Gerezani na Ilala, Nairobi pitia Barabara ya Kirinyaga. Mwenye ndugu Uarabuni amtume Sharjah, mji wenye soko kubwa la vipuri vya magari yaliyotumika. Na usiisahau Arusha! Gereji zinazogeuza Land Cruiser kuwa magari ya watalii, zinazorefusha chesisi na kuweka paa la kuinuka, zimezoea madirisha ya kutelezesha kuliko mtu yeyote hapa kwetu. Kabla ya kutoa pesa, telezesha kioo palepale dukani mara kadhaa. Kikikwama mbele ya muuzaji anayekubembeleza, kwako kitagoma kabisa. Na hakikisha umepewa cha kulia na cha kushoto, maana haviingiliani.

4. Kioo hiki hakikatwi, usidanganyike

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Vioo vya pembeni vya magari mengi huchomwa kwa joto kali kisha hupozwa ghafla ili viwe imara. Vikivunjika, vinasambaratika kuwa chembechembe butu badala ya mapande ya kumchana mtu. Ila kioo kikishapitia moto ule, hakikatwi, hakitobolewi, hakichongwi. Fundi akikwambia "tutakipunguza kidogo tu hapa pembeni", ujue atakipunguza chote kwa sekunde moja.

Ukitaka kipya cha vipimo vyako, kinakatwa na kutobolewa kwanza, halafu ndipo kinachomwa. Uliza wazi kabla ya kuagiza: kioo hiki kitachomwa au la? Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba usikikubali hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu ajali ikitokea kinageuka visu. Wapo wanaotumia plastiki ngumu ya akriliki au polikaboneti. Ni nyepesi na inakatwa kwa msumeno, lakini vumbi letu likikutana na kitambaa kikavu, baada ya muda mfupi unatazama nje kama kupitia ukungu. Ukiichagua, ioshe kwa maji mengi kwanza, ndipo uipanguse.

5. Boksi la friji lina kazi yake

Usiamini kwamba tundu la kulia linalingana na la kushoto. Gari la miaka thelathini limeshagongwa, likanyooshwa, likapakwa rangi, na mwenye kuliuza hakukusimulia yote. Chukua boksi gumu kama la friji, likandamize kwenye dirisha kutoka ndani, chora mzunguko wake, kata, kisha lijaribishe. Andika "kulia" na "kushoto", na uonyeshe upande gani ni juu. Pima pia pembe kwa pembe, mara mbili kwa kila dirisha. Beba maboksi yako dukani bila aibu. Muuzaji atacheka, nawe utarudi na kioo kinachoingia.

6. Sukuma kwa miguu, kwa upole

Kama kioo cha zamani kimeshikwa na raba, chagua saa za jua, raba ikiwa laini. Ikiwa imekakamaa na umeshanunua mpya, kata ule mdomo wake wa ndani kwa wembe wa kazi. Kisha keti ndani, vaa raba za miguuni zenye soli laini, weka nyayo kwenye kona ya juu na usukume polepole, mwenzako akiwa nje amekinga mikono yenye glavu. Kwa upole, nimesema! Kama kimebandikwa kwa gundi nyeusi, hiyo ni kazi ya fundi vioo mwenye waya wake wa kukatia. Mwachie, wewe kamata soda.

7. Kutu imejificha hapo chini

Raba ikitoka, utaona kilichokuwa kikijificha: kutu, hasa kwenye ukingo wa chini ambako maji hutuama. Watu wengi wenye haraka hufunika na kusonga mbele. Usifanye hivyo. Piga msasa mpaka bati ling'ae, paka dawa ya kutu, kisha praima, kisha rangi, na uache ikauke vizuri. Kama bati limeshakuwa na matobo, mwite mchomeleaji kabla ya kioo kipya kuingia, kwa sababu raba haikamati kwenye ukingo uliooza. Ukiwa hapo hapo, angalia pia bolti za mikanda ya siti za nyuma zilizo karibu na dirisha. Zisiguswe, wala nguzo zisikatwe.

8. Siri ya mafundi: kamba na maji ya sabuni

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ivalishe raba mpya kwenye fremu ya dirisha. Chukua kamba laini ya manila, unene wa milimita 4 au 5, uipitishe kwenye ule mfereji wa raba utakaokamata bati, mzunguko mzima, ncha mbili zikutane chini katikati na zipishane kidogo. Pakaza maji ya sabuni kwenye raba na kwenye ukingo wa bati, kwa ukarimu.

Sasa mmoja anasimama nje na kulikandamiza dirisha kwenye tundu lake kwa viganja. Mwingine yuko ndani anavuta ncha moja ya kamba taratibu, akielekea katikati ya dirisha. Kamba ikitoka, inaubetua mdomo wa raba na kuulaza ndani ya bati, sentimita kwa sentimita. Anayesukuma nje amfuate anayevuta, pale pale kamba inapotokea. Msiwe na pupa na msitumie bisibisi, maana inatoboa raba na kuchubua rangi. Mkikwama, ongezeni sabuni. Mkikwama tena, toeni lote muanze upya. Ni dakika chache tu, hakuna anayewahesabia.

9. Yapeni maji njia, wezi msiwape

Dirisha la kutelezesha lina matundu madogo kwenye reli ya chini, yanayotoa maji nje. Fundi mwenye bidii kupita kiasi atayaziba kwa silikoni, na mvua ya kwanza mtalea samaki. Kabla hujamlipa, mimina kikombe cha maji kwenye reli. Yatoke nje, yasiingie ndani. Kisha lipige gari zima maji ya mpira, mtu akiwa amekaa ndani na tochi. Kama lazima mtumie silikoni, epukeni ile inayonuka siki, kwa sababu asidi yake inakula bati. Reli zenyewe zisafishwe kwa brashi na kupuliziwa dawa ya silikoni. Grisi hapana, inakamata vumbi na kugeuka tope.

Kuhusu wezi, lachi za mitumba nyingi zimechoka. Kata kijiti kigumu au kipande cha bomba chenye urefu wa reli iliyobaki nyuma ya kioo, ukilaze humo kila unapoegesha. Lachi hata ikivunjwa, kioo hakisogei. Gharama yake ni karibu bure.

10. Jua lini ufungue na lini ufunge

Gari likienda, hewa iliyo nyuma yake huwa na mvuto unaokokota vitu mpaka kwenye mlango wa nyuma, na penye upenyo vinapenya ndani. Ndiyo maana mlango wa nyuma wa gari la zamani hubeba vumbi la kijiji kizima. Kwenye barabara ya vumbi, funga vioo vya nyuma, washa feni ya mbele ikivuta hewa ya nje, na hewa itajaa ndani na kulisukuma vumbi lisipenye. Kwenye lami, kwenye foleni na wakati umeegesha kivulini, fungua vya nyuma pamoja na kimoja cha mbele, hewa ipite moja kwa moja.

Mvuto huohuo unaweza kuleta moshi wa bomba lako mwenyewe, hasa bomba likiwa limetoboka au limekatwa likaishia chini ya gari. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Kwa hiyo mpe fundi kazi moja ya ziada kabla ya safari ya kwanza na vioo vipya: akague bomba la moshi kuanzia kwenye injini mpaka ncha ya nyuma, na raba za mlango wa nyuma. Na abiria wa siti ya tatu wakianza kulalamika kichwa kinauma, simamisha gari, washushe wapate hewa, na msiendelee mpaka mmejua moshi unaingilia wapi.